Kisu Kisicho na Ala Hakina Kwao



Juma hili tumechagua mazungumzo ambayo huenda yakamshangaza mama wa nyumba akifungua karatasi hii baada ya chai ya jioni. Tunataka kuzungumza juu ya visu. Si kisu cha kukatia vitunguu wala cha kuchinjia kuku, bali aina moja ya kisu ambayo watu wa nchi nyingi huikusanya kama wengine wakusanyavyo stempu na sarafu za kale. Ni kile kisu kikubwa cha kujiokolea porini, chenye mpini wa uvungu, yaani mpini ulio kama bomba, na kifuniko cha kuzungusha mwishoni mwake. Ukikifungua kifuniko, ndani mna nafasi ya kutia vitu vidogo vya kumwokoa mtu aliyepotea.

Sababu ya kuyaleta mazungumzo haya ni kwamba visu hivi vimeingia katika baadhi ya nyumba zetu. Vimeletwa na mabaharia, vimetumwa na jamaa walioko ng'ambo, vimenunuliwa na vijana kwa akiba zao. Akina mama wametuuliza: je, mtoto wangu amepata burudani, au ameanza njia mbaya? Swali hilo halifai kujibiwa kwa hasira, wala halifai kupuuzwa. Lajibiwa kwa kukijua kitu chenyewe. Nasi, baada ya kukitazama kwa makini, tumeona kwamba jawabu haliko sana kwenye kisu. Liko kwenye ala.

Kwanza tujue kisu hiki kimetoka wapi. Mpini wenye uvungu si ajabu mpya. Mafundi wa seremala wa karne ya 19 walikuwa na mipini iliyobeba patasi ndogo na keekee tumboni mwake. Lakini kisu chenyewe, kwa sura tuijuayo leo, ni cha Marekani, na asili yake ni vita vya Vietnam. Katika mji wa Orlando, jimbo la Florida, alikuwako mhunzi mashuhuri aitwaye Bo Randall, ambaye visu vyake vilikwisha kujulikana na askari tangu Vita vya Pili vya Dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa shauri la ofisa mmoja wa jeshi aliyekuwa Vietnam, karakana ya Randall ilitengeneza kisu ambacho mpini wake ulikuwa bomba la chuma lisiloshika kutu. Kikaitwa Model 18. Askari aliyepotea msituni, au rubani ambaye ndege yake imeanguka, aliweza kutia ndani ya mpini huo viberiti, dawa na ndoana. Mtu huweza kupoteza mkoba wake, lakini kisu kilichofungwa kiunoni aghalabu hubaki naye.

Hapo kisu kilikuwa kitu cha watu wachache. Kilichokifanya kijulikane duniani kote ni sinema. Mwaka 1972 mwandishi David Morrell alitoa riwaya iitwayo First Blood, na mwaka 1982 riwaya hiyo ikafanywa sinema, akaigiza Sylvester Stallone katika nafasi ya askari mstaafu aitwaye Rambo. Kisu cha sinema hiyo kilitengenezwa na Jimmy Lile, mhunzi wa mji wa Russellville, jimbo la Arkansas. Mgongo wake ulikuwa na meno ya msumeno, mpini umezungushiwa kamba, kifuniko kina dira, na ncha mbili za kinga ya mkono zimechongwa ziwe bisibisi. Lile alitengeneza pia kisu cha sinema ya pili, ya mwaka 1985. Sisi tuliokuwa vijana wa Pwani siku zile twakumbuka jinsi jina la Rambo lilivyoenea hata kwa watoto wasiojua neno moja la Kiingereza.

Lakini lipo jambo ambalo wengi walioitazama sinema ile hawakulitilia maanani. Rambo alipoumia mkono, alikifungua kifuniko cha mpini, akatoa sindano na uzi, akajishona jeraha. Katika vitu vyote vilivyokuwamo ndani ya chuma kile cha kutisha, kilichomfaa saa ile ni kile ambacho kila mama anacho katika kibweta chake cha kushonea. Vijana walikwenda zao wakiyasifu meno ya msumeno. Hakuna aliyeisifu sindano.

Baada ya sinema, soko lilifurika. Kampuni ya Buck ya Marekani ilitoa kisu chake kizito kiitwacho BuckMaster mwaka 1984. Hispania kukatoka kisu cha Aitor kiitwacho Jungle King, ambacho hata ala yake ilibeba kinoo na kisu kidogo cha pili. Kutoka viwanda vya Asia vikatoka visu vya kuiga kwa maelfu, bei rahisi, vyenye dira isiyojua kaskazini na meno ya msumeno yasiyoweza kukata kuni. Hivyo ndivyo vilivyozagaa zaidi, na ndivyo vinavyopatikana mpaka leo katika maduka ya vitu kuukuu ya miji ya bandari.

Hapa yafaa tueleze elimu ndogo ya uhunzi, kwa kuwa humo mna hekima. Kisu cha kawaida kina msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini na kushikwa na noleo. Nguvu ya kisu iko humo. Makali ni ya kuonekana, msuka ni wa kutoonekana, na kisu kilichokosa msuka ni sawa na mti uliokosa mzizi. Sasa, ukitaka mpini uwe na uvungu, huna budi kuukata msuka uwe mfupi, la sivyo hapatakuwa na nafasi ya kutia kitu. Kwa hivyo kila kisu cha aina hii kimeuza sehemu ya nguvu zake ili kinunue nafasi, na ukikibana kwa nguvu, hapo pa maungio ndipo kinapovunjika.

Wahunzi hodari walilitambua tatizo hilo, na kila mmoja akatafuta dawa. Randall alilehemu maungio kwa ustadi. Wengine walipigilia vijiti vya chuma. Chris Reeve, aliyeanza kazi yake Afrika Kusini kisha mwaka 1989 akahamia jimbo la Idaho huko Marekani, alikata shauri la kuondoa maungio kabisa: akachonga ubapa na mpini kutoka kipande kimoja cha chuma, halafu akautoboa mpini. Lakini katika visu vingi vya kuiga, ubapa umeshikwa kwa nati moja tu ndani ya mpini wa madini laini. Kinang'aa dukani, mkononi, baada ya siku mbili, huanza kucheza kama jino la mzee.

Basi mkusanyaji wa kweli hukitazama kisu kwa namna asiyoitazama mtu mwingine. Hakisifu kwa urefu wala kwa meno. Hukishika ubapa na mpini, akasikiliza kama kuna mlio. Hukifungua kifuniko, akamulika ndani atazame maungio. Huangalia kama hesi za kifuniko zimeshikana sawasawa na kama ipo pete ya mpira ya kuzuia maji. Kisha huuliza swali ambalo mgeni hawezi kulitarajia: ala yake iko wapi?

Swali hilo si la urembo. Karakana ya Randall ilitengeneza visu, lakini ala zake zilishonwa na mafundi wengine wa ngozi: hapo kale Heiser wa mji wa Denver, baadaye Johnson, kisha Sullivan. Mafundi hao wa mwanzo walipiga muhuri nyuma ya ala. Kwa hivyo mjuzi akitaka kukadiria umri wa kisu, hukigeuza akatazama mgongo wa ala, muhuri, mshono, vifungo, na kile kijifuko cha mbele kinachohifadhi kinoo. Chuma chaweza kunolewa upya kikaficha umri wake. Ngozi haiwezi kuficha. Kisu kilichofika na ala yake ya asili kina thamani kubwa kuliko ndugu yake aliyefika uchi, na visu vya kale vya mafundi hawa hununuliwa kwa maelfu ya dola.

Hata hivyo visu vingi hufika uchi. Ngozi huoza, huliwa na panya, au mwenyewe wa kwanza hakuijali. Mkusanyaji akishakinunua kisu yatima cha namna hii, kazi yake ya kwanza si kukinoa. Kazi yake ya kwanza ni kukitafutia ala.

Watu wa Pwani tusidhani kwamba jambo hili ni la Wamarekani peke yao. Tazameni jambia ya ndugu zetu wa Oman, ambayo wao huiita khanjar. Imo katika bendera ya nchi yao tangu mwaka 1970, na imo ndani ya ala, pamoja na mkanda wake, juu ya panga mbili zilizopishana. Mwaka 2022 shirika la UNESCO liliuingiza ufundi wa khanjar katika orodha ya turathi za wanadamu. Mwenye kuiona karibu ataona kwamba fedha yote, nakshi zote, na subira yote ya sonara imewekwa kwenye ala, mpini na mkanda. Ubapa haumo katika maonyesho. Na bwana harusi wetu wa Lamu au Mombasa anapovaa joho na kilemba na kujifunga jambia, hakuna anayetarajia kuuona ubapa usiku ule. Ingekuwa aibu, na ingekuwa hofu. Tunachokitazama ni ala, nayo inasema: mtu huyu ana nguvu, na nguvu zake zimefunikwa.

Sasa tuwasimulie kisa cha nyumba moja ya jirani, kwa idhini ya wenyewe na bila ya kutaja jina.

Kijana wao wa miaka 20, fundi wa simu, alipewa na mjomba wake baharia visu vitano vya mpini wa uvungu, alivyovinunua kidogo kidogo katika bandari alizopita. Kimoja tu kilikuwa na ala. Vinne vingine kijana alivifunga katika vipande vya leso kuukuu, akaviweka mvunguni mwa kitanda. Mama yake alipoingiza mkono kulivuta sanduku lake la nguo, meno ya msumeno yalikuwa yamekwisha kuila ile leso, na kidole chake kikapasuka mpaka kushonwa. Baba aliporudi alasiri, alisema visu vyote vitatupwa baharini kabla ya magharibi, na kijana akasema basi na yeye atahama. Ndipo tulipoitwa.

Tulimkuta mama ameketi na mkono uliofungwa kitambaa, naye ndiye aliyekuwa mtulivu kuliko wote. Baba alikuwa na hoja yenye uzito. Alisema, "Sheikh, mtaa huu unaujua. Vijana wanakwenda na visu kama wanaokwenda na simu. Leo ni kukusanya, kesho ni kutumia." Hakuna mzazi wa mitaa yetu atakayemlaumu kwa hofu hiyo, tumezika watoto wa watu. Kijana naye alileta kitabu chake, ambamo ameandika kila kisu kimetoka bandari gani, chuma chake ni cha namna gani, na maungio yake yakoje. Mtu anayetafuta silaha haandiki hayo. Tukaona hapa pana mambo mawili: kijana ni mkweli katika mapenzi yake, na nyumba imedhurika kwa uzembe wake. Yote mawili ni kweli.

Wazee husema, mwana akililia wembe, mpe umkate. Methali hiyo ina mahali pake, lakini katika nyumba ile wembe haukumkata aliyeulilia, ulimkata mama. Na hiyo ndiyo kawaida ya kisu kisicho na ala. Mwenyewe hukijua kilipo na hukishika vyema. Anayeumia ni asiyejua: mama anayefagia, mtoto anayetafuta mpira, mgeni anayekaa kitandani.

Tukamuuliza mama, kwa kuwa haki ilikuwa yake, ataka nini. Akasema maneno machache: "Kisu kisicho na ala kisilale nyumbani kwangu. Chenye ala, na kilale sandukuni, na ufunguo niwe nao mimi." Baba akanyamaza kitambo, kisha akakubali. Kijana akapewa miezi mitatu. Usiku ule vile vinne vilikwenda kulala dukani kwa ami yake, ndani ya sefu.

Kilichofuata ndicho kinachotufanya tuyaandike haya. Kijana alikwenda kwa mzee mmoja ashonaye makubadhi, akaomba afundishwe. Yule mzee hakuwahi kushona ala, lakini ngozi anaijua. Jambo la kwanza alilomwambia ni kwamba si kila ngozi yafaa. Ngozi laini ya mikoba, iliyodabighiwa kwa dawa za viwandani, haishiki umbo, na dawa zake zaweza kukila chuma. Itakiwayo ni ngozi nene, ya milimita tatu au nne, iliyodabighiwa kwa magome ya miti; ile ambayo ukiilowesha hulainika, na ikikauka hubaki na umbo uliloipa. Watu wa Lamu hawataishangaa habari hiyo, kwani magome ya mikoko yao yaliwahi kusafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo hiyo.

Jambo la pili ni kipimo. Kisu huwekwa juu ya karatasi ngumu, kikachorwa, kisha ukaachwa ukingo wa upana wa kidole kuzunguka. Mwenye haraka hukata ngozi sawa na kisu, akasahau kwamba kisu kina unene. Ala yake ikawa kama kanzu ya mdogo wake. Kati ya tabaka mbili za ngozi, upande wa makali, hutiwa ukanda wa tatu wa ngozi. Ukanda huo hauonekani, lakini ndio unaoyapokea makali. Bila yake, kila kisu kinapoingia hukata uzi mmoja, na siku moja ala hufunguka kiunoni mwa mtu.

Visu vyenye meno ya msumeno vina mashaka zaidi. Ala ya kawaida ni kipande kimoja kilichokunjwa, na mkunjo hukaa upande wa mgongo wa kisu. Lakini hapa mgongo nao unakata. Meno huula mkunjo kila yanapopita, kama yalivyoila ile leso. Kwa hivyo ala ya kisu hiki hukatwa vipande viwili, ikatiwa ukanda wa kati pande zote mbili, na mdomo ukaachwa mpana ili kisu kiingie bila ya kusugua. Kijana aliharibu ngozi mbili kabla ya kuikubali kanuni hiyo.

Kisha ukaja mshono, na hapo mwalimu akawa mama. Kijana alitaka kutumia cherehani ya fundi. Mama akamwambia kwamba mshono wa cherehani una nyuzi mbili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, zinazoshikana katikati. Ukikatika mahali pamoja, waweza kufumuka. Ala hushonwa kwa mkono, kwa uzi mmoja uliotiwa nta, wenye sindano mbili, moja kila ncha. Tundu hutobolewa kwa msharasi, sindano zote mbili zikapita katika tundu lile lile, kila moja ikitoka upande wake. Uzi ukikatika mahali pamoja, ule mwingine bado umeshika. Mama huyu ameshona kofia za mkono tangu usichana wake. Macho yake yajua tundu lililokwenda upande kabla ya kipimo kulisema. Waliketi barazani jioni baada ya jioni, kidole chake kikiwa bado na kovu jekundu, akimwelekeza yule yule aliyemwumiza.

Baada ya mshono, ngozi hulowanishwa, kisu kikafungwa nailoni kisipate maji, kikatiwa ndani, na ngozi ikabanwa kwa vidole mpaka ishike umbo la kinga ya mkono. Hukaushwa kivulini; jua huipasua. Chini kabisa huachwa kitundu cha kutokea maji. Mkanda wa kushikia mpini hupitishwa juu ya kinga, mbali na njia ya makali, kwani mkanda uliowekwa vibaya hukatwa siku ya kwanza. Mwisho hupakwa nta ya nyuki. Ala ya kwanza ilimchukua kijana mwezi mzima. Haikuwa nzuri. Lakini ilikishika kisu: ukiigeuza chini juu na kuitikisa, hakianguki.

Katika kazi hiyo kijana aligundua kwamba viwili kati ya vile vinne vilikuwa bandia. Alipokifungua kimoja akisafishe, nati ililegea na ubapa ukamtoka mkononi. Alivipeleka vyote viwili kwa fundi vyuma, vikakatwa. Alisema hawezi kumpotezea mama yake macho kwa kukishonea ala kitu cha uongo. Vikabaki vitatu, vyote vina ala, vyote vimo sandukuni, na ufunguo uko kwa mama.

Halafu, katika mwezi wa tatu, ndipo jambo lile alilolihofia baba lilipobisha hodi. Kijana mmoja wa mtaa alikuja usiku, akasema amesikia kuna visu, anataka kuazima kimoja "kwa usiku mmoja tu." Kijana wetu akamjibu kwamba sanduku limefungwa na ufunguo anao mama. Yule akacheka, akamwita mtoto wa mama. Akajibu, "Naam," akafunga mlango. Asubuhi alimwambia baba yake, na baba akatwambia sisi. Hatujui usiku ule ulikusudiwa nini, wala hatutaki kubuni. Twajua tu kwamba kisu hakikutoka. Fikirini lau vingekuwa bado mvunguni, ndani ya leso, bila ya mlinzi wala sharti.

Dini yetu imelizungumza jambo hili kwa uwazi zaidi ya tunavyodhani. Imepokewa kutoka kwa Jabir, Allah amridhie, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza watu kupokezana upanga ukiwa nje ya ala. Tena aliamrisha kwamba apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamdhuru Muislamu. Na alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, hata kwa mzaha, kwa kuwa shetani huenda akauvuta mkono. Tazameni namna mafundisho haya yalivyo: hayasemi kwamba chuma ni haramu. Yanasema kwamba mwenye chuma ana dhima juu ya ngozi ya mwenziwe.

Kwa nyumba yenye mkusanyaji, basi, tunausia haya. Kwanza, kisu kisiingie kabla ya ala yake, au vikiingia pamoja, viwekwe mahali pamefungwa. Pili, ufunguo ukae kwa mtu asiyekuwa mkusanyaji. Tatu, kisu kisitoke nje kwa maonyesho. Sheria ya Kenya inamkataza mtu kuwa na silaha ya kudhuru mahali pa umma bila ya idhini au udhuru unaokubalika, na ni juu yake mwenyewe kuuthibitisha udhuru huo. "Naikusanya" si udhuru wa barabarani. Nne, matumizi yawe kwa kiasi. Mwenye kununua kisu cha sita huku karo ya mdogo wake haijalipwa si mkusanyaji, ni mfujaji. Tano, kisu chenye ala kikipokezwa, kipokezwe ndani ya ala, mpini ukimwelekea mpokeaji.

Na kwa mkusanyaji mwenyewe tunaongeza neno moja la Pwani. Hewa yetu ina chumvi. Kisu kikikaa ndani ya ala ya ngozi mwezi baada ya mwezi, ngozi hunywa unyevu na kukitia kutu, na shaba ya kinga hufanya ukungu wa kijani. Uvungu wa mpini nao hufungia unyevu usioonekana. Kwa hivyo kila mara kitoeni, kipanguseni, kipakeni mafuta kidogo, fungueni kifuniko kipate hewa. Wakusanyaji wa ng'ambo huhifadhi kisu na ala kando kando ndani ya kabati moja lililofungwa. Hilo laruhusiwa katika kabati lenye ufunguo. Chini ya mto haliruhusiwi.

Mabinti na mama zetu wasione kwamba haya ni mambo ya wanaume. Mshono wenye sindano mbili ni elimu yao, na soko la kazi za ngozi lipo: ala za visu vya jikoni, za mikasi, za zana za mafundi. Kila nyumba ina kisu kikali droo ya jikoni kinachomngoja mtoto aingize mkono. Kipande cha ngozi, uzi wenye nta na jioni mbili za subira zatosha kukivika. Aanze nacho hicho aliye na nafasi juma hili.

Wabillahi tawfiq.